Njia ya Kufika Ubaoni: Shajara ya Mradi wa Walimu Tarajali, Iringa

Oktoba, wiki ya usajili

Mradi wetu wa kuondoa vikwazo vinavyowakwamisha baadhi ya walimu tarajali wa chuo chetu umeanza. Kitivo kimekubali tuufanye mwaka mzima wa masomo, tangu usajili hadi wanachuo watakaporudi mwezi wa tisa kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha, ambayo hapa chuoni kila mtu huyaita BTP. Fedha tuliyopewa ni ndogo, lakini tumepewa na kitu ninachokithamini zaidi: ruhusa ya kugusa taratibu zenyewe. Tunaweza kupendekeza mabadiliko kwenye ratiba, kwenye fomu, kwenye upangaji wa shule za mazoezi na kwenye namna nukuu za mihadhara zinavyowafikia wanafunzi.

Tunaowalenga wanajulikana na kila anayefundisha ualimu huku Nyanda za Juu Kusini, maana ni wachache kiasi kwamba unawakumbuka kwa sura. Wasichana wanaosomea kufundisha Fizikia na Hisabati. Wasioona, na wenye uoni hafifu, wakiwamo wenye ualbino. Viziwi. Yatima waliolelewa na bibi zao Makete na Ludewa. Watoto wa wafugaji wa Usangu. Mama vijana waliorudi masomoni baada ya Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 kuwafungulia njia wasichana waliokatizwa shule kwa ujauzito.

Kwenye kikao cha kwanza mwenzetu mmoja, mtu mwema na mwalimu mzuri, aliuliza: milango ya chuo iko wazi kwa kila mwenye ufaulu wa kidato cha sita, sasa sisi tuna kazi gani? Nilimjibu kwa historia ya nchi yetu wenyewe. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtu afanye kazi miaka miwili baada ya kidato cha sita ndipo aingie chuo kikuu. Sharti lilikuwa lilelile kwa mwanamume na kwa mwanamke. Lakini kwa msichana miaka miwili ile ndiyo ilikuwa miaka ya kuolewa na kuzaa, na idadi ya wanawake waliofika chuoni ikashuka. Serikali ikaliona hilo, haikuchukua muda mrefu ikawaondolea wanawake sharti, nao wakaanza kuongezeka tena. Akili za wasichana hazikubadilika katikati hapo. Kilichobadilika ni karatasi. Ndiyo maana hatuanzi kwa kuwauliza wanachuo wamepungukiwa nini. Tunazipitia taratibu zetu moja moja na kuuliza inamkwamisha nani.

Na kwa nini tuanze na ualimu? Kwa sababu mwalimu mmoja hupitiwa na mamia ya watoto kila mwaka. Msichana wa kidato cha pili Mbarali ambaye hajawahi kumwona mwanamke akifundisha Fizikia ana kila sababu ya kudhani somo lile si lake. Hakuna hotuba itakayomtoa kwenye wazo hilo kama atakavyotolewa na mwanamke aliyesimama mbele yake Jumatatu asubuhi akiwa na chaki mkononi.

Novemba

Mwezi huu wote umekuwa wa vyeti.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inawapa kipaumbele yatima, wenye ulemavu na wanaotoka kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Utaratibu huo ni mzuri na nimeuona ukibadili maisha ya watu. Tatizo liko kwenye kuthibitisha. Yatima lazima alete vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na hapo ndipo watoto wa Makete wanapokwama.

Binti mmoja wa mwaka wa kwanza, anayesomea Fizikia na Hisabati, ametoka kijiji cha huko juu kabisa. Baba yake alifariki yeye akiwa bado tumboni, mama akafuata kabla hajaanza shule. Wote wawili walifia nyumbani na kuzikwa hapohapo kijijini. Katika miaka ile kila boma lilikuwa na msiba wake, na bibi aliyebaki na wajukuu alikuwa na mambo ya kuwaza kuliko kufunga safari hadi wilayani kuandikisha vifo. Anayeshangaa kwa nini mzigo huu ni mzito zaidi upande wetu aangalie utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022-2023: kiwango cha maambukizi kwa watu wazima nchini kilikuwa asilimia 4.4, lakini Njombe kilikuwa 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Yatima wanaofika chuoni kwetu leo ni watoto wa miaka ambayo dawa za kufubaza virusi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kufika vijijini.

Kuna na jambo lingine ambalo mtu wa mbali hawezi kulifikiria. Njombe ilitengwa na Iringa na kuwa mkoa mwaka 2012. Binti huyu alizaliwa kabla, kwa hiyo cheti chake cha kuzaliwa kinasema mkoa wa Iringa, wakati barua ya mtendaji wa kijiji inasema Njombe. Kila dirisha alilofika aliulizwa mbona mikoa inatofautiana, akawa anaeleza upya.

Tulichofanya ni kumwandalia njia. Mratibu msaidizi alipiga simu ofisi ya wilaya kuuliza kwa usahihi nini kinatakiwa ili kuandikisha kifo cha zamani, tukakiandika kwenye karatasi moja kwa lugha nyepesi: barua ya mtendaji wa kijiji, mashahidi wanaokumbuka mazishi, kiapo, kisha ofisi ya wilaya, kisha uhakiki wa RITA. Tukaongeza barua ya chuo inayoeleza suala la mkoa mpya na wa zamani. Binti akasafiri. Bibi yake, ambaye hakuwahi kuombwa saini na ofisi yoyote, alifika wilayani na wazee wawili wa kijiji, wakaeleza kila kitu mbele ya karani. Vyeti vimetoka, na maombi yameingia kwenye dirisha la rufaa.

Wakati anasubiri alikuwa anakula mlo mmoja. Hilo hakulisema yeye. Lilisemwa na mwenzake wa chumbani. Mwanachuo mwenye mkopo anapata shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, na bumu, yaani hiyo fedha ya kujikimu, likichelewa wiki mbili wengi wanakopeshana mpaka litoke. Asiye na mkopo wala ndugu mjini hana wa kumkopesha. Wahadhiri tumechangishana tukaanzisha mfuko mdogo wa kuvukia, unaotunzwa na mshauri wa wanafunzi, na hakuna anayetakiwa kusimama mbele ya kamati kueleza umaskini wake. Jina linapelekwa na mwalimu mlezi, basi.

Desemba

Rufaa ya binti wa Makete imekubaliwa. Amesaini bumu lake la kwanza.

Nimeandika kwenye mpango wa mwaka ujao: kazi hii ya vyeti ifanyike wakati mwanafunzi yuko kidato cha sita, shuleni kwake, miezi mingi kabla ya dirisha la mikopo kufunguliwa. Kuifanya akiwa tayari yuko chuoni na njaa ni kuchelewa.

Januari

Sasa tuko kwenye nukuu.

Tuna mwanachuo asiyeona, mwaka wa pili, Historia na Kiswahili. Alisoma kwa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, tangu darasa la kwanza na anaandika kwa mashine ya Perkins kwa kasi ambayo wenzake wenye kalamu hawaifikii. Lakini chuo kikuu hakiendeshwi kwa nukta nundu. Kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa kuwa nukta nundu kinakuwa majuzuu kadhaa manene, karatasi yake ni ngumu na ghali, na mashine ya kuchapia haipo jirani. Kwa hiyo njia yake kuu ni kompyuta inayosoma kwa sauti. Anatumia NVDA, programu ya bure iliyoanza kutengenezwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Ina sauti ya Kiswahili pia. Matamshi yake ni makavu na hayana mkazo mahali panapostahili, lakini mwenye kuizoea anasikiliza kwa kasi ambayo mimi sishiki hata neno moja.

Programu hii inasoma maandishi. Picha ya ukurasa haiisomi bila kwanza kupitishwa kwenye utambuzi wa herufi. Na nukuu nyingi tunazowatumia wanafunzi ni picha: mhadhiri anapiga picha kurasa za kitabu cha zamani kwa simu, anazitupa kwenye kundi la darasa la WhatsApp, kazi imeisha. Kwa wenzake wote ile ni kurasa kumi za kusoma jioni. Kwake kompyuta inatamka jina la faili, kisha kimya. Mwaka wa kwanza wote alikuwa akimwomba mwenzake amsomee usiku, baada ya huyo mwenzake kumaliza kazi zake mwenyewe. Alifaulu hivyohivyo, na kila nikiwaza hilo naona ni kiasi gani cha uwezo wake tulikuwa tunakichoma kwenye kazi ambayo haikuhitajika kuwepo.

Kitivo kimepitisha maneno haya: kila nukuu, kila swali la zoezi na kila ratiba itumwe kama maandishi yanayoweza kunakiliwa. Kurasa za vitabu vya zamani zinapitishwa kwanza kwenye programu ya kutambua herufi, halafu mtu anazisahihisha. Mtu huyo tumempata miongoni mwa wanachuo wenyewe. Kikundi cha mwaka wa tatu kimegawana kurasa, kila mmoja anasafisha chache kwa wiki. Herufi za Kiswahili hazisumbui kwa kuwa hazina alama za juu. Kinachosumbua ni karatasi zilizofifia za miaka ya 1970, ambazo kompyuta inasoma m kama rn, na majedwali.

Jambo ambalo hatukulipanga: wanachuo wengine wengi wanazipenda hizo nukuu mpya. Picha za kurasa zinakula bando. Faili la maandishi ni jepesi, linafunguka hata kwenye simu ndogo, na unaweza kutafuta neno ndani yake. Mwanachuo mwenye ualbino ambaye hakuwahi kutuambia kwamba haoni ubao vizuri anakuza herufi kwenye simu yake anavyotaka na sasa anakaa popote ukumbini, wakati zamani ilimlazimu kuwahi kiti cha mbele.

Mitihani ya mwanachuo asiyeona: muda wa ziada umekubaliwa, pamoja na chumba cha peke yake chenye kompyuta iliyokatwa intaneti.

Machi

Maabara ya Fizikia. Nimekaa nyuma na daftari kwa vipindi kadhaa mfululizo kwa ruhusa ya mwenzangu anayefundisha, nikiangalia tu mikono.

Wanafunzi watano kwenye benchi moja, vifaa vya umeme mbele yao: daraja la mita, betri, galvanomita, nyaya. Vijana wa kiume wawili wanaunganisha saketi. Mmoja anasoma kipimo. Msichana, ambaye kwa kawaida ni mmoja, anaandika matokeo kwa sababu mwandiko wake ni mzuri. Benchi la pili, hivyohivyo. Hakuna aliyemkataza kushika waya, na ukiwauliza watakuambia kila mtu alichagua mwenyewe. Lakini mwisho wa muhula msichana ana jedwali safi kuliko wote na hajawahi kuunganisha saketi kwa mkono wake.

Hili lina uzito wa pekee kwa mwalimu. Akihitimu atapangwa shule ya kata, na uwezekano ni mkubwa kwamba atakuwa mwalimu pekee wa Fizikia pale. Siku ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne hakutakuwa na wa kumuunganishia. Ataandaa meza zote mwenyewe, na kipimo kikigoma macho ya watahiniwa wote yatamgeukia yeye.

Tangu wiki ya pili ya mwezi huu kazi za benchi zinazunguka: anayeunganisha, anayesoma, anayeandika, anayeeleza kwa mwalimu nini kimetokea. Hakuna anayerudia kazi ileile vipindi viwili mfululizo. Alama za maabara sasa zinahesabu kuunganisha na kueleza, si jedwali peke yake. Mwanzoni vipindi vilichelewa kuisha, na fundi wa maabara alilalamika kwa haki kabisa. Sasa vinakwisha kwa wakati. Vijana wa kiume nao wameanza kuandika majedwali yanayosomeka.

Wasichana wa Fizikia na Hisabati wameomba pia kikundi chao cha majadiliano, na wameomba kifanyike mchana. Majadiliano ya usiku maktaba yanaisha saa nne, na wengi wamepanga mitaani, Kihesa na kwingineko, ambako taa za barabarani ni chache. Tumepata chumba saa tisa alasiri, Jumanne na Alhamisi. Saa hizohizo zinamfaa mama kijana mmoja wa mwaka wa kwanza ambaye mtoto wake ana miezi tisa na anashinda kwa mama mkubwa wake. Yeye alikuwa amekosa semina zote za jioni, na kwenye rejesta alionekana mtoro.

Aprili

Kufundishana. Kila mwalimu tarajali anasimama mbele ya wenzake, anafundisha dakika kumi na tano akiwa na andalio la somo na zana, kisha wenzake wanatoa maoni. Ni sehemu nzuri kuliko zote katika mafunzo yetu, na ni sehemu inayoweza kumvunja mtu.

Kijana wa Kisukuma kutoka Mbarali, Biolojia na Kemia. Familia yake ilikuwa Usangu wakati wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007. Walielekea Lindi na ng'ombe, yeye akiwa mdogo, na baadaye sehemu ya ukoo ikarudi Mbarali. Amesoma shule za msingi za mikoa miwili na hakuna hata moja aliyokaa muda wa kutosha kujulikana na walimu. Kiswahili chake kina lafudhi ya nyumbani, na wenzake walicheka alipofungua kinywa. Wapo waliocheka wakiwa na lafudhi zao wenyewe za Kinyakyusa na Kihehe, ambazo hapa hazisikiki kwa sababu ndiko tuliko.

Tumebadili utaratibu wa maoni. Kwanza kila anayesikiliza anaandika kwenye karatasi mambo mawili: nini nimejifunza katika somo hili, na wapi nilipotea. Karatasi zinakusanywa, ndipo watu wanazungumza, na wanazungumza juu ya somo. Matamshi ya neno yanaguswa pale tu yanapomfanya mwanafunzi aelewe kitu kingine.

Awamu ya pili kijana alifundisha mmeng'enyo wa chakula wa wanyama wanaocheua. Hakuleta mchoro wa kitabuni. Aliwauliza wenzake: ng'ombe akilala jioni hataki kucheua, mfugaji anajua nini? Hakuna aliyejibu. Kuanzia hapo aliwapitisha kwenye vyumba vinne vya tumbo la ng'ombe, akaeleza bakteria wanaovunja nyuzi za majani, gesi inayojaa tumbo linapovimba, na kwa nini ng'ombe akibadilishiwa malisho ghafla anaugua. Dakika kumi na tano ziliisha watu wakiwa bado wanauliza. Karatasi nyingi kwenye sehemu ya "wapi nilipotea" zilikuwa tupu.

Kijana kiziwi wa mwaka wa pili, Jiografia, amefundisha kwa Lugha ya Alama akiwa na mkalimani. Mkalimani wetu ni mmoja kwa chuo kizima. Akiugua, mwanachuo hana mhadhara siku hiyo. Alama za istilahi ni kazi nyingine: hakuna alama iliyokubalika kwa kila dhana ya Jiografia ya chuo kikuu, kwa hiyo yeye na mkalimani wanakubaliana alama kabla ya kila mada na kuziandika kwenye daftari. Nimependekeza daftari hilo lirekodiwe kwa video na kupelekwa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, ili atakayekuja baada yake asianze sifuri.

Juni

Fomu ya tathmini ya BTP. Naandika kwa kirefu hapa kwa sababu naamini hili ndilo jambo kubwa tulilofanya mwaka huu, ingawa ni karatasi moja ya pande mbili.

Mtathmini anayekwenda kumwona mwalimu tarajali shuleni anabeba fomu yenye vipengele na alama. Nimeisoma upya nikiwa na wanachuo wetu pembeni yangu. Kipengele: "Anaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri na mpangilio." Kipengele: "Anawatazama wanafunzi wote." Kipengele: "Sauti inasikika hadi nyuma ya darasa." Mwanachuo asiyeona anapoteza alama za viwili vya kwanza kabla hajaingia darasani. Kiziwi anapoteza za cha tatu. Watathmini wenye huruma walikuwa wanawapa alama za katikati ili wasiwaumize, na hilo nalo halifai, maana alama ya huruma haimwambii mtu amefundisha vizuri au vibaya.

Tulikaa nao tukajiuliza kila kipengele kiliwekwa ili kulinda kitu gani. Ubao upo ili mwanafunzi aondoke na kumbukumbu sahihi ya somo. Macho ya mwalimu yapo ili ajue nani anafuata na nani ameachwa. Sauti ipo ili somo limfikie aliyekaa nyuma. Fomu mpya inasema hivyo moja kwa moja: wanafunzi wote wanapata kumbukumbu ya maandishi iliyo sahihi, mwalimu anagundua asiyeelewa na kuchukua hatua, somo linawafikia wote darasani. Namna ya kufika hapo ni ya mwalimu, na mtathmini anaandika ni namna gani iliyotumika. Kiwango hakijashushwa hata kidogo. Mwenye mwandiko mzuri ambaye anaandika ubao mzima bila kugundua nusu ya darasa imepotea sasa anapata alama ndogo kuliko zamani, na ndivyo inavyostahili.

Upangaji wa shule. Palikuwa na wazo kwamba wenye ulemavu wapelekwe kwenye shule zenye vitengo maalumu tu. Nimelipinga, na wanachuo wenyewe wamelipinga kwa nguvu zaidi yangu. Kiziwi amechagua shule yenye wanafunzi viziwi kwa sababu anataka kufundisha kwa lugha yake bila mkalimani katikati, na hiyo ni sababu ya kitaaluma. Asiyeona amechagua sekondari ya kawaida, kando ya barabara ya Mafinga. Kijana wa Usangu amerudi Mbarali. Binti wa Makete ameomba wilaya yake, alale kwa bibi na kuokoa kodi ya chumba.

Agosti, safari za tathmini

Makete kwanza. Asubuhi baridi ya huko inauma mifupa na walimu wanafundisha wakiwa wamevaa makoti. Shule ni ya kata, maabara ni chumba chenye meza na kabati. Binti alikuwa na kidato cha pili, mada ni kipindi cha mtikisiko wa pendulamu, yaani muda inaochukua kwenda na kurudi mara moja. Mawe madogo, uzi, rula, saa ya simu. Aliwagawa kwa vikundi na kazi zilizunguka, sikumwambia. Wasichana waliobembeza mawe walikuwa wengi kama wavulana. Kikundi kimoja kilipata matokeo tofauti na wengine, na yeye hakuwasahihisha. Aliwaambia wapime tena urefu wa uzi, kuanzia pale ulipofungwa hadi katikati ya jiwe. Walikuwa wameishia kwenye fundo.

Mkuu wa shule ameniomba abaki siku za moku, mtihani wa majaribio, ya kidato cha nne awasaidie kuandaa mtihani wa vitendo. Binti akaniuliza kwa sauti ya chini, "Madam, nikiharibu?" Nikamwambia ataunganisha kama alivyounganisha Machi. Amekubali.

Barabara ya Mafinga. Kidato cha tatu, Historia, somo la upinzani dhidi ya ukoloni. Mwalimu wetu asiyeona alikuwa amewajua wanafunzi kwa sauti na mahali wanapokaa ndani ya wiki mbili. Anaita jina kabla hujamaliza kukohoa. Maandishi ya ubaoni yanaandikwa na mwanafunzi wa zamu, naye anamtaka wa pili asome kwa sauti kilichoandikwa, hivyo kosa likitokea darasa zima linalisikia na kulisahihisha. Kila dakika chache anamchagua mtu mmoja aeleze hoja kwa maneno yake. Ndivyo anavyojua nani ameachwa.

Zana yake ilikuwa ramani ya Iringa kwenye boksi lililokunjuliwa: barabara kwa kamba ya katani, vilima kwa udongo, Kalenga kwa kifuniko cha soda, Lugalo kwa kokoto. Aliizungusha mikononi mwa wanafunzi huku akisimulia jinsi kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilivyopita Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kuvamiwa na wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Akauliza kwa nini pale na si kwingine. Vidole vyao vilikuwa kwenye udongo, vikaliona bonde kabla ya midomo kulitaja. Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye mwalimu wa darasa aliniambia haongei kabisa, alisema kikosi kilikuwa kimetanda kama siafu na hakingeweza kugeuka haraka. Mwalimu akamwita jina, akamwomba arudie kwa sauti. Kisha akawaambia kwamba fuvu la Mkwawa, lililopelekwa Ujerumani, lilirudi mwaka 1954 na liko Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini, na akauliza nani amefika. Walinyoosha mikono kwa mazoea, wakakumbuka, wakaanza kuitikia kwa majina.

Nilijaza fomu mpya nikiwa nyuma ya darasa. Alama zake zilikuwa za juu, na kila moja ina maelezo ya nini nilikiona.

Mbarali nilipita haraka. Kijana anafundisha Kemia kwa mwalimu mkuu msaidizi aliyefurahi kupata mtu. Wazazi wawili wa Kisukuma walikuja shuleni kumwona kwa sababu walisikia kuna mwalimu wa kwao. Mmoja alikuwa na binti aliyeacha shule kidato cha kwanza, na wakazungumza pembeni kwa muda mrefu.

Septemba

Bodi ya kitivo imepitisha fomu mpya kwa wanachuo wote, wenye ulemavu na wasio na ulemavu. Vyuo viwili vya Mbeya vimeomba nakala.

Mkalimani wa pili bado hajapatikana. Bajeti imeombwa mara nyingine, na safari hii nimeambatisha rejesta inayoonyesha mihadhara ambayo mwanachuo kiziwi aliikosa siku mkalimani alipokuwa mgonjwa.

Ajira inaanza kunisumbua. Mwanachuo wetu asiyeona anaingia mwaka wa tatu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu, na hapo zimo shule binafsi nyingi za mkoa huu. Tutawaandikia wakuu wa shule barua, tukiambatisha fomu ya tathmini yake pamoja na maelezo ya namna anavyofundisha, ili mjadala uanzie kwenye kazi yake.

Barua nyingine imekwenda kwa ofisi za wilaya za Makete na Ludewa. Tunaomba mwandikishaji wa vizazi na vifo afuatane nasi mwezi wa pili kwenye shule zenye kidato cha sita, pamoja na watendaji wa vijiji wanavyotoka wanafunzi yatima. Makete wamejibu kwamba wako tayari na wameomba orodha ya majina mapema. Binti wetu anaikusanya.